Vimelea vya Wanakondoo na Afya ya Binadamu

Katika nyumba ya asili ya Kimaasai, pahali pa kulala watu na pahali pa kulala wanyama wachanga hutenganishwa kwa ukuta mdogo wa fito tu. Jioni, ndama, wanambuzi na wanakondoo wa siku chache huingizwa ndani ili wasiliwe na fisi wala wasiuawe na baridi, na usiku kucha joto la meko huwapasha wote, watoto wa watu na watoto wa mifugo. Desturi hii ina busara yake. Mwanakondoo aliyezaliwa na uzito wa kilo mbili au tatu hana mafuta ya kutosha mwilini ya kustahimili usiku wa nyanda za juu, na mfugaji anayempoteza amepoteza sehemu ya akiba yake ya mwaka.

Hata hivyo yafaa tujiulize: kinyesi cha mwanakondoo huyo, ambacho mtoto anayetambaa hukigusa na punde si punde kutia mkono kinywani, kimebeba nini? Jibu lake huwashangaza wengi. Vimelea vinavyowaua wanakondoo kwa wingi katika Afrika Mashariki karibu havimdhuru mtu hata kidogo. Lakini kipo kimelea kingine kisichoonekana kwa macho, ambacho wafugaji wengi hawajapata kukisikia kwa jina na ambacho hakifi kwa dawa yoyote ya minyoo; hicho ndicho kinachovuka kwa wepesi kutoka tumbo la mwanakondoo hadi tumbo la mtoto. Kwa hiyo, mwenye mifugo anayewanywesha wanakondoo wake dawa ya minyoo kila msimu amefanya jambo jema kwa kundi lake, lakini bado hajamkinga mwanawe.

Na tuanze na adui mkubwa wa kundi. Huyu ni mnyoo mfyonzadamu, ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Kwa kusema kweli makao yake si utumbo bali tumbo la nne la kondoo, lile linalofanana na tumbo letu kwa kazi yake ya kumeng'enya chakula kwa asidi. Mnyoo jike ana urefu wa sentimita mbili hadi tatu, na ukimtazama kwa makini utaona mistari miwili, mwekundu na mweupe, iliyosokotana kama kamba: mwekundu ni utumbo wake uliojaa damu, na mweupe ni mirija yake ya uzazi. Hutaga mayai yapatayo 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi, huanguliwa penye joto na unyevu, na katika muda wa juma moja hivi minyoo michanga huwa tayari kupanda kwenye majani mabichi ikisubiri kondoo mwingine aje kulisha.

Mwalimu wa hesabu anaweza kuutumia mnyoo huyu darasani. Mnyoo mmoja humnyang'anya kondoo damu ipatayo mililita 0.05 kwa siku, yaani tone moja. Tone moja si kitu. Lakini mwanakondoo aliyelemewa na minyoo 2,000 hupoteza mililita 100 kila siku, na mwanakondoo wa kilo 15 ana damu ipatayo lita moja tu mwilini mwake. Katika siku kumi, basi, hupoteza damu iliyo sawa na yote aliyo nayo, na mwili wake hauwezi kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo. Ufizi na utando wa ndani ya kope hubadilika rangi kutoka wekundu hadi weupe wa karatasi, uvimbe laini wa maji hutokea chini ya taya, kisha mnyama huanguka. Hahari, jambo linalowapotosha wengi. Mfugaji humwona mwanakondoo wake akifa na kinyesi kigumu, akadhani kwamba tumbo halikuwa na kasoro.

Ni katika kupambana na mnyoo huyu ndipo sifa ya kondoo wekundu wa Kimaasai ilipothibitishwa na sayansi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa mifugo waliwaweka kondoo hao pamoja na kondoo wa aina ya Dorper, waliotokana na uzalishaji uliofanywa Afrika Kusini, katika shamba moja la Diani, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, penye mvua na joto wanavyovipenda minyoo hao. Wanakondoo wa Kimaasai walikutwa na mayai machache zaidi katika kinyesi, damu nzito zaidi, na vifo vichache zaidi kuliko wale wa Dorper. Dorper ana mwili mkubwa na nyama nyingi, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi wamewachanganya kondoo wao naye hata kupata kondoo mwekundu halisi kumekuwa na taabu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hasara hiyo bado haijapewa uzito unaostahili.

Sasa, mtoto akila minyoo michanga ya namna hii pamoja na mboga au udongo, atapatwa na nini? Takriban katika hali zote hapatwi na lolote. Kimelea hukizoea kwa muda mrefu mno kiumbe kinachokihifadhi: joto la mwili wake, asidi ya tumbo lake, hata kemikali zinazokiashiria kwamba kimefika mahali pa kuvua ganda na kuanza kukua. Mnyoo mfyonzadamu akijikuta ndani ya tumbo la mtu huwa kama mgeni aliyefika mji asioujua lugha yake. Visa vya watu kuambukizwa naye ni vichache mno duniani kote.

Vivyo hivyo kuhusu tegu wa wanakondoo, Moniezia expansa. Huyu ndiye anayewatia watu hofu zaidi kwa sababu anaonekana. Pingili zake nyeupe, mithili ya punje za wali, hutoka na kinyesi, na mnyama akichinjwa utepe wa mita kadhaa huweza kukutwa ndani ya utumbo mwembamba. Mayai yake hayana budi kuliwa kwanza na utitiri wadogo waishio kwenye udongo wa malisho, na kondoo huambukizwa kwa kuwala utitiri hao pamoja na majani. Mtu haambukizwi tegu huyu. Tena, madhara yake kwa mwanakondoo mwenyewe ni madogo kuliko sura yake inavyotisha.

Koksidia wa kondoo, ambao ni viumbe vya seli moja, huwaharisha wanakondoo wenye umri wa majuma manne hadi manane, wakati mwingine kwa kinyesi chenye damu. Nao pia hawamwambukizi binadamu. Wapo minyoo wembamba wa utumbo, Trichostrongylus, ambao kweli humpata mtu, hasa pale mboga zinazoliwa mbichi zinapotiwa samadi ya kondoo. Iran ni nchi moja ambako wamechunguzwa sana kwa watu. Mara nyingi dalili zake ni hafifu, na dawa za kawaida za minyoo huwatoa.

Msomaji aliyekulia kwa wafugaji atauliza habari za yale malengelenge makubwa ya maji yanayokutwa katika ini na mapafu ya kondoo, ambayo huko Turkana yamewapata watu wengi na kuwalazimu kupasuliwa. Ugonjwa huo ni mzito, lakini kimelea chake, kinapokuwa mnyoo kamili, huishi katika utumbo wa mbwa. Kondoo hubeba malengelenge tu. Mtu huambukizwa kwa mayai yatokayo na kinyesi cha mbwa aliyetupiwa ini bovu la machinjoni. Maelezo yake kamili yanahitaji makala ya peke yake.

Tukishawaondoa hao wote, ndipo tunapobaki na yule asiyeonekana.

Mwaka 1907, mtaalamu wa Marekani Ernest Edward Tyzzer aliona katika tumbo la panya wa maabara vijiduara vidogo sana vilivyoshikamana na seli za utando wa ndani. Alikiita kiumbe hicho Cryptosporidium, jina lenye maana ya spora iliyofichika, na mwaka 1912 alieleza aina nyingine iliyo ndogo zaidi, Cryptosporidium parvum, iishiyo katika utumbo mwembamba. Hapa tutakiita kriptosporidi. Kwa zaidi ya miaka 60 wengi walikichukulia kuwa ni ajabu ya maabara isiyo na umuhimu. Mwaka 1974 kilielezwa kwa wanakondoo wenye kuhara. Mwaka 1976 kikaonekana kwa mara ya kwanza kwa binadamu. Mmoja wa wagonjwa hao wa mwanzo alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyeishi shambani katika jimbo la Tennessee. Kisha ukaja UKIMWI. Kuanzia mwaka 1982 madaktari walianza kuona wagonjwa waliohara maji kwa majuma na miezi bila kukoma, na katika vinyesi vyao mlikuwamo kiumbe kile kile cha Tyzzer.

Jinsi kinavyofanya kazi ni jambo la kustaajabisha. Kriptosporidi husafiri kikiwa ndani ya kijibegi chenye ganda gumu kiitwacho oosisti, chenye kipenyo cha maikromita tano hivi. Oosisti 200 zikipangwa mstari mmoja zitafikia milimita moja. Kijibegi hicho kinapofika katika utumbo mwembamba hufunguka, na viumbe vinne vyenye umbo la ndizi hutoka na kujibandika juu ya seli za utumbo. Seli huwafunika kwa utando wake, hivi kwamba kimelea huwa ndani ya seli lakini nje ya ute wake, kama mtu aliyekaa kibarazani bila kuingia chumbani. Hapo huzaliana mara kwa mara. Vile vidole vidogo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula na maji hufupika na kusinyaa, na mwanakondoo, ambaye chakula chake ni maziwa pekee, hushindwa kuyafyonza. Yote humtoka kama maji ya manjano.

Ugonjwa huu humpata mwanakondoo katika siku za mwanzo kabisa, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi na nne ya uhai wake. Umri huu wafaa ukumbukwe, kwa kuwa minyoo mfyonzadamu bado hawajapata muda wa kukua ndani yake, wala koksidia hawajafikia wakati wao. Mwanakondoo wa juma moja anayeharisha maji hana minyoo. Kumnywesha dawa ya minyoo ni kupoteza dawa. Naye katika siku chache za kuugua huweza kutoa oosisti kwa mamilioni juu ya mamilioni. Tofauti na mayai ya minyoo, ambayo huhitaji siku kadhaa nje kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, oosisti hizi hutoka zikiwa tayari. Mkono uliogusa mkia wa mwanakondoo asubuhi huweza kumwambukiza mtu kabla ya chai.

Oosisti ngapi zinatosha? Jambo hili lilipimwa huko Texas, na matokeo yakatangazwa mwaka 1995. Watu 29 wenye afya njema walijitolea kumeza idadi zilizohesabiwa za oosisti zilizotokana na ndama. Waliomeza 30 tu, mmoja kati ya watano aliambukizwa. Waliomeza 1,000 au zaidi waliambukizwa wote. Hesabu ilionyesha kwamba oosisti 132 hivi zatosha kuwaambukiza nusu ya watu wazima wenye nguvu. Idadi hiyo haiwezi kuonekana hata kama ingelikusanywa yote juu ya ncha ya pini.

Ushahidi kwamba kondoo na ng'ombe wanahusika na ugonjwa wa watu ulipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Katika Uingereza wanakondoo huzaliwa kwa wingi majira ya machipuko, na ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba majira hayo wagonjwa wa kriptosporidi huongezeka. Mnamo Februari 2001 ulizuka huko ugonjwa wa miguu na midomo. Wanyama zaidi ya milioni sita, wengi wao kondoo, waliuawa ili kuuzuia usienee. Njia za miguu zipitazo mashambani zikafungwa, na ziara za watoto wa shule kwenda kuwanywesha wanakondoo maziwa kwa chupa zikasimamishwa. Majira yale ya machipuko idadi ya wagonjwa wa kriptosporidi ilishuka waziwazi katika Uingereza na Wales. Virusi vya miguu na midomo havihusiani hata kidogo na kuhara kwa watu. Kilichobadilika ni kwamba watu na wanyama wachanga walitenganishwa, na kinyesi kilichoingia mitoni kikapungua.

Lakini kondoo asisingiziwe kila kosa. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, Marekani, ulipatwa na mlipuko mkubwa kuliko wote uliopata kuandikwa: watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 waliugua kwa kunywa maji ya bomba yaliyotolewa katika Ziwa Michigan. Mwanzoni watu waliwanyoshea kidole ng'ombe na machinjio. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kimelea kilikuwa cha aina ipitayo kutoka mtu hadi mtu, ambayo mwaka 2002 ilipewa jina lake yenyewe, Cryptosporidium hominis. Katika Afrika kusini ya Sahara aina hii ya watu ndiyo inayokutwa zaidi kwa watoto. Choo kibovu, basi, kina hatia kubwa kuliko zizi. Hata hivyo aina ya wanyama ipo pia, na pale mtoto anapolala hatua mbili kutoka kwa mwanakondoo, si busara kuipuuza.

Uzito wa ugonjwa wenyewe kwa watoto wetu hauna shaka. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, ikiwamo sehemu ya magharibi mwa Kenya, na kutangazwa mwaka 2013, uliitaja kriptosporidi miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Watoto wa mwaka mmoja hadi miwili waliokuwa nayo walikufa kwa wingi zaidi katika majuma yaliyofuata kuliko wenzao wasiohara. Mtu mzima mwenye afya huhara juma moja au mawili akapona. Mtoto aliyedhoofu kwa njaa, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imepunguzwa na virusi vya UKIMWI, huendelea kuhara hadi akakauka.

Tiba ni finyu. Dawa iitwayo nitazoxanide iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa watoto, nayo huwasaidia wenye kinga timamu. Kwa mgonjwa wa UKIMWI, kinachoponya hasa ni dawa za kufubaza virusi, ambazo huurudishia mwili nguvu za kujitetea. Kwa mtoto aharaye, jambo la kwanza ni kumrudishia maji kwa mchanganyiko wa chumvi na sukari utolewao zahanati, na kuendelea kumnyonyesha.

Kinga nayo inahitaji kufikiriwa upya, maana kriptosporidi huvunja mazoea yetu mawili. Klorini inayotiwa katika maji ya kunywa haiiui. Katika bwawa la kuogelea lenye klorini ya kawaida huweza kuishi zaidi ya siku kumi. Vilevile vitakasa mikono vya spiriti, vilivyoenea kila mlango tangu mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, havivunji ganda la oosisti. Sabuni nayo haiiui, ila huibandua kutoka ngozini na maji yanayotiririka huichukua. Lakini ina udhaifu wake: haivumilii joto wala ukavu. Maji au maziwa yakichemka barabara kwa dakika moja, imekwisha. Katika nyanda zilizo juu ya mita 2,000, kama ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, dakika tatu zatosha. Kinyesi kikitolewa nje kila asubuhi na kutandazwa juani, oosisti zilizomo hufa zikaukapo.

Hapana haja ya kumfukuza mwanakondoo nyumbani usiku wa baridi. Kinachotakiwa ni kumtenga yule anayeharisha, asilale na wenziwe wala karibu na watoto. Kuhakikisha kila anayezaliwa ananyonya dang'a ya mama yake katika saa za kwanza. Kuweka majani makavu chini. Na kumwachia mtu mzima mwenye afya kazi ya kuwashughulikia wagonjwa, si mtoto wa miaka minne, ambaye mara nyingi ndiye hupewa kwa sababu mwanakondoo ni mchezo wake.

Kwa walimu wenye hadubini shuleni, lipo zoezi moja lenye faida. Chukueni kinyesi kigumu cha kondoo mkubwa mwenye afya, kiasi cha gramu tatu. Kamwe msitumie kinyesi cha mwanakondoo anayeharisha. Kipondeni katika maji yaliyotiwa chumvi hadi chumvi isiyeyuke tena, mkichuje kwa chujio la chai, na mjaze kijaribio hadi ukingoni. Wekeni kioo chembamba juu yake kwa dakika 20. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo ya chumvi, kwa hiyo huelea na kunasa kwenye kioo; mkikitazama kwa ukuzaji wa mara 100 mtaona mayai ya mviringo mrefu yenye seli nyingi ndani, na pengine vijibegi vidogo vya koksidia. Rudieni majuma matatu baada ya mvua kuanza, na mlinganishe idadi. Kriptosporidi hamtaiona, kwa kuwa huhitaji rangi ile ile nyekundu ambayo hospitali hutumia kutambua viini vya kifua kikuu. Wanafunzi wote wanawe mikono kwa sabuni na maji ya kutiririka, kijaribio kichemshwe, na lile chujio lisirudishwe tena jikoni.